Kabla ya Kuziba Pengo, Ulizia Mfupa

Julai 2021 bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye kokoto, njia ya Kihonda hapa Morogoro, nikaangukia uso. Jino la mbele la juu, upande wa kushoto, likakatika na kisiki chake kikabaki ndani ya fizi. Kliniki niliyokimbilia waliking'oa kisiki, wakanipa pamba ya kung'ata na dawa za maumivu, nikarudi nyumbani. Hakuna aliyenitajia mfupa wa taya. Kwa kutoujua huo mfupa niliongezewa miezi sita ya kungoja na upasuaji mmoja zaidi kabla ya kuwekewa jino linaloshikwa na skrubu ndani ya taya. Ndiyo maana naandika haya kwa mwenye pengo, na zaidi kwa yule ambaye jino lake litang'olewa kesho.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, kusoma na kuandika. "F" na "v" huzitamki bila meno ya juu kugusa mdomo wa chini. "Th" na "dh" zinataka ncha ya ulimi iguse meno. Siku moja niliandika "fedha" ubaoni, nikaisoma, na darasa zima likaitikia vile vile nilivyotamka, pumzi ikipita pengoni. Hawakuwa wananicheka. Walikuwa wananifuata, kwa sababu mtoto wa miaka minane anaangalia mdomo wa mwalimu wake. Siku ile ndipo nilipoamua kuliziba pengo.

Kwanza nilivaa bandia ya kuvaa na kuvua, kile kibao cha plastiki ya waridi kinacholala juu ya kaakaa na vijiwaya viwili vya kushikilia. Simkatazi mtu kuvaa. Inapatikana kwa siku chache, bei yake watu wengi wanaimudu, na kwa aliyepoteza meno mengi pengine ndiyo njia inayowezekana. Lakini ijue inachofanya na isichofanya: inaziba pengo kwa macho, haiuzuii mfupa kunywea.

Mfupa unaoshika mizizi ya meno unaishi kwa kazi. Jino likiondoka, mwili unaona hapo hapana kazi tena na unaanza kuunyonya. Mwaka wa kwanza ndio mbaya kuliko yote: upana wa ukingo wa taya unaweza kupungua hata kufikia nusu. Mbele juu hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa ukuta wa mfupa ulio upande wa mdomo ni mwembamba sana, mara nyingi haufiki hata milimita 1. Kwa hiyo kama jino bado halijang'olewa, kabla hujapigwa ganzi muulize daktari mambo mawili: je, linaweza kuokolewa kwa kutibiwa mzizi? Na kama haliwezi, je, tundu lake linaweza kujazwa unga wa mfupa siku hiyo hiyo ili ukingo usianguke? Mwombe pia alitoe taratibu bila kuvunja ukuta wa mbele. Maswali hayo hayana gharama. Mimi sikuyajua.

Sasa tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Nilipowaambia wanawake wenzangu kwamba nakwenda kuwekewa kipandikizi walidhani nazungumzia uzazi wa mpango, kile kijiti cha mkononi, kwa hiyo nikashika neno la madaktari: implanti. Ina sehemu tatu. Chini kuna skrubu ya titaniamu inayozama ndani ya mfupa badala ya mzizi. Juu yake kuna kiungio, wanakiita abatimenti, kinachotokeza kwenye fizi. Juu kabisa ni krauni, jino lenyewe unaloliona, mara nyingi la kauri, pengine ile ngumu iitwayo zirkonia. Siri yote iko kwenye titaniamu. Mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mifupa ya sungura miaka ya 1950. Alipotaka kuvitoa vyombo vyake vya titaniamu vikakataa kutoka, mfupa umevishika. Mwaka 1965 akamwekea skrubu za namna hiyo mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, naye akaishi nazo hadi alipofariki 2006. Zaidi ya miaka 40.

Tafuta daktari kabla ya kutafuta bei. Kwetu anayekung'oa jino anaweza kuwa tabibu wa meno au daktari wa meno, na wote wanatufaa. Implanti, hata hivyo, ni upasuaji wa mfupa. Hakikisha ni daktari wa meno aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, kisha uliza amejifunzia wapi upasuaji huu na ameshaweka ngapi za mahali kama pako. Gego la chini na jino la mbele ni kazi mbili tofauti. Wa kwangu nilimpata Dar es Salaam kupitia mwalimu mwenzangu. Hakununa kwa maswali yangu. Alifungua kompyuta akanionyesha picha za midomo ya wagonjwa wake, siku ya kumaliza na miaka mitatu baadaye. Hizo za baadaye ndizo za kuomba. Siku ya kumaliza kila jino linapendeza.

Siku ya kwanza nenda na orodha ya dawa zako zote na useme ukweli wote. Kisukari kisichodhibitiwa kinachelewesha kidonda na kualika maambukizi; watakutaka kwanza kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita. Sigara inaua implanti nyingi, na ugoro unaowekwa kwenye fizi sio rafiki wa kidonda. Sema kama unatumia au umewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa, za vidonge au za dripu, hata kama ni miaka iliyopita, kwa kuwa baadhi yake zinafanya taya lisipone baada ya kuguswa. Sema kama ulipigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni. Mjamzito angoje ajifungue. Kijana ambaye taya bado linakua angoje pia, maana meno ya pembeni yatashuka na yeye anakua, na implanti itabaki pale pale ilipowekwa, ionekane fupi. Fizi zenye ugonjwa zitibiwe kwanza; usipande mche mpya shamba likiwa na mchwa.

Kisha picha. Eksirei ya kawaida inaonyesha urefu wa mfupa lakini haionyeshi unene wake. Unene unaonekana kwenye sitiskani (CT scan) ya taya. Kwa taya la chini picha hiyo inaonyesha pia njia ya mshipa wa fahamu wa mdomo, ambao ukiguswa mdomo na kidevu vinaweza kufa ganzi; kwa magego ya juu inaonyesha uwazi wenye hewa ulio juu ya mizizi. Daktari anayetaka kutoboa bila kujua unene wa mfupa, mimi ningeaga.

Picha yangu ilikuwa kama mkate wa boflo uliokatwa vipande, na kila kipande unakiona peke yake. Daktari alisogeza hadi kipande cha pengo akakipima kwenye skrini.

"Mwalimu, mfupa wako hapa una milimita 4," akasema. "Skrubu yenyewe ina milimita 4. Tukiiweka leo itatokeza mbele."

Nilimwangalia akisogeza hadi kwenye jino la jirani, upande wa kulia. Pale mfupa ulikuwa umenenepa, umejaa. Kwenye pengo ulikuwa umebonyea kama debe lililogongwa. Hata miaka miwili na nusu ilikuwa haijatimia.

Ingebidi kwanza niongezewe mfupa: unga wa mfupa unawekwa pale palipobonyea, unafunikwa kwa utando, kisha unangoja. Alinipa njia nyingine pia: daraja. Meno mawili ya pembeni yanachongwa na kuvishwa krauni, na jino la kati linaning'inia juu ya pengo. Kama jirani zako tayari wameoza au wana viraka vikubwa, daraja lina maana na linakwisha kwa wiki chache. Yangu yalikuwa mazima. Sikuona sababu ya kuyachonga mawili mazima kwa ajili ya moja lililokufa.

Kuhusu fedha: usikubali bei ya mdomo. Omba mchanganuo ulioandikwa: picha, upasuaji, skrubu, unga wa mfupa na utando wake, abatimenti, jino la muda, krauni ya mwisho, marudio ya kuangaliwa. Tangazo linaweza kutaja bei ya skrubu peke yake, ukafika katikati ndipo ukajua krauni ina bei yake. Uliza pia: mfupa ukikataa kuishika, nani anagharamia kuitoa na kuweka nyingine? Jibu liandikwe. Mimi nililipa shilingi milioni 3 na laki 4 kwa kila kitu, nauli kando, na bima yangu haikugusa hata shilingi. Nilikopa SACCOS ya walimu nikalipa kwa hatua: kuongeza mfupa, skrubu, krauni. Malipo ya hatua ni mazuri, yanakufanya uulize kila hatua inahusu nini.

Swali moja nililouliza limewasaidia wengi niliowasimulia, nalo ni hili: huo unga wa mfupa na huo utando unaofunika vinatoka kwa mnyama gani? Mimi ni Mwislamu. Unga unaweza kuwa wa ng'ombe, wa nguruwe, wa mfadhili binadamu au wa kutengenezwa kiwandani. Utando nao mara nyingi ni wa nguruwe, ila wa ng'ombe upo. Daktari anaweza pia kukwangua mfupa wako mwenyewe, nyuma ya taya la chini. Uliza mapema, si ukiwa umelala kitini, kwa sababu huenda ikabidi aagize. Wa kwangu aliagiza wa ng'ombe, tukasubiri wiki tatu.

Mfupa niliongezewa Desemba 2023 shule zilipofungwa. Mishono ilitolewa baada ya wiki mbili. Uso ulivimba siku ya pili na ya tatu kuliko ya kwanza, jambo ambalo daktari alinionya nalo, na jicho la kushoto likapata weusi chini yake. Ile bandia yangu ya plastiki alikuwa ameikwangua kwa ndani ili isikandamize kidonda. Na wewe usisahau hili: bandia inayokaa juu ya mfupa mpya inaubonyeza, na kazi yote inaharibika. Nikangoja miezi sita.

Skrubu iliingia wiki ya mwisho ya Juni 2024. Treni ya umeme ilikuwa imeanza kwenda Dar mwezi huo huo, na nashukuru, maana kurudi na uso uliovimba kwenye basi kutoka Mbezi hadi Msamvu nilikwishayaonja Desemba.

Watu wanaiogopa siku hii kuliko zote, na kwangu ilikuwa nyepesi kuliko kung'oa. Unapigwa ganzi ya kawaida ya meno. Fizi inachanwa kidogo. Kisha wanatoboa kwa keekee ndogo, wanaanza na nyembamba na kuongeza unene hatua kwa hatua, maji ya chumvi baridi yakimiminika muda wote. Maji hayo yana kazi kubwa: mfupa ukipashwa joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu unaanza kufa, na mfupa uliokufa haushiki kitu. Nilisikia mtetemo kichwani, kama mashine ya kusaga iliyo nyumba ya tatu. Maumivu sikuyasikia. Mwisho alichukua kibisibisi kidogo chenye kipimo cha nguvu akaikaza, na kila robo mzunguko nilisikia mkandamizo hadi kwenye pua. Dakika 40 hivi, nikaambiwa tumemaliza. Skrubu ikafunikwa chini ya fizi, ikashonwa.

Nyumbani fanya hivi. Ng'ata shashi safi hadi damu ikatike. Barafu ifunge kwenye kitambaa, weka shavuni kwa dakika 20, pumzisha, rudia siku hiyo ya kwanza. Lala kichwa kikiwa juu. Usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usisukutue hadi saa 24 zipite. Damu iliyoganda ndiyo plasta yako. Baada ya hapo sukutua taratibu na maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi. Dawa meza ulizoandikiwa na umalize dozi, usiongeze antibayotiki zako kutoka duka la dawa. Chakula changu kilikuwa uji wa ulezi uliopoa, mtori, viazi vya kuponda, mayai laini. Muwa, mahindi ya kuchoma, karanga na mishikaki nilivisahau kwa miezi. Uvimbe ukipanda baada ya siku ya nne badala ya kushuka, homa ikija, usaha ukitoka, au mdomo wa chini ukibaki na ganzi kesho yake, piga simu siku hiyo hiyo.

Halafu kungoja. Taya la chini miezi mitatu hivi, la juu minne hadi sita kwa sababu mfupa wake ni laini zaidi. Hakuna unachoona wala kusikia, na hapo ndipo watu wanapokosa subira. Ndani, chembe za mfupa zinajenga juu ya titaniamu. Kuna wanaowekewa skrubu na jino siku moja, na kwa mgonjwa anayefaa inafanikiwa. Lakini uamuzi huo ni wa mfupa na jinsi skrubu ilivyokaza, usiwe wa harusi unayotaka kuwahi.

Jumamosi moja ya Oktoba fizi ilifunguliwa, kikawekwa kifuniko kidogo, kisha jino la muda la plastiki lililobanwa kwa skrubu. Jino hilo la muda lilikuwa linaifinyanga fizi. Kwa jino la mbele omba hatua hii. Fizi ikiponea kwenye kifuniko cha duara tu, krauni inaweza kuonekana kama kigae kilichochomekwa. Ikifinyangwa, inakumbatia jino na ile pembetatu ndogo ya fizi kati ya meno mawili inarudi.

Rangi ilichukua muda kuliko nilivyotegemea. Fundi wa maabara alikuja mwenyewe na kile kifungu cha meno ya mfano, akanitoa chini ya taa akanisimamisha dirishani, saa 4 asubuhi. Kwa taa za kliniki meno yangu yalionekana meupe. Kwa jua yalikuwa na manjano kwenye fizi na wingu jeupe karibu na ncha. Akachora kwenye karatasi lile wingu lilipo, akapiga picha nne. Kama umekulia maji yenye madini ya floraidi, kama wenzetu wengi wa chini ya Mlima Meru, na meno yako yana kahawia, mwambie kama unataka jino jipya lifanane na hayo au utayang'arisha kwanza. Kauri haibadiliki rangi baadaye, kwa hiyo kung'arisha kunatangulia.

Muulize pia krauni itashikwa na skrubu au gundi. Skrubu inafunguka ikihitajika. Gundi nayo ni sawa, ila isafishwe yote na picha ipigwe, kwa kuwa gundi iliyobaki chini ya fizi inaleta usaha na kula mfupa. Yangu ni ya skrubu, tundu lake limeelekezwa nyuma ya jino na kuzibwa kwa kiraka cheupe.

Krauni iliwekwa Desemba 2024. Januari niliandika tena "fedha" ubaoni.

Sasa matunzo, maana implanti haiozi lakini inakufa. Jino la asili limening'inizwa kwenye nyuzi laini zinazokuonya ukikuta changarawe kwenye wali. Implanti haina nyuzi hizo, imeshikana na mfupa moja kwa moja, kwa hiyo unaweza kuiumiza usijue. Usifungulie soda, usikatie uzi, using'ate kucha. Anayesaga meno usiku aombe kinga ya kulalia. Brashi iwe laini, mara mbili kwa siku, na uzi wa meno upitishe jioni, uuzungushe shingoni mwa krauni na kuusugua taratibu. Damu wakati wa kupiga mswaki, harufu au fizi iliyovimba hapo si jambo la kungoja. Maambukizi yakishuka kwenye mfupa hayana kizuizi. Jino likicheza, usiogope kabla ya kuangaliwa: mara nyingi ni skrubu ndogo ya krauni imelegea, inakazwa tena. Ikiwa inayocheza ni ile ya ndani ya mfupa, basi haikushika, itatolewa, mfupa upone, ijaribiwe tena. Rudi kuangaliwa kila miezi sita, na picha kila mwaka ili kupima kimo cha mfupa.

Mwisho, usiondoke bila kadi. Iandikwe jina la kampuni iliyotengeneza implanti, aina, upana, urefu, namba ya toleo na tarehe. Kila kampuni ina vibisibisi vyake, na ukihamishwa kituo cha kazi daktari wa huko hataweza kukaza skrubu asiyoijua. Yangu inasema milimita 4 kwa 11.5. Ipo ndani ya bahasha ya vyeti vyangu, na picha yake ipo kwenye simu.